Kwa nini tunagandisha molekuli kwanza ndo tunawasha taa

Shida ya reaksheni zinazoendeshwa na mwanga ni kasi. Molekuli ikipigwa na urujuanimno inavunjika, vipande vinavyotoka havikai hata kidogo, vinagongana na jirani vinakwisha, we unakuja kukuta mazao ya mwisho tu na pale katikati kulipita nini hujui.

Mwaka 1954 George Pimentel na wenzake kule Berkeley, Marekani, wakatoa njia ambayo mpaka leo naiona ni nzuri mno. Chukua molekuli zako kidogo sana, changanya na gesi ya argoni nyingi (ileile mafundi wanachomelea alumini), gandisha vyote, halafu ndo uwashe taa. Kila molekuli inajikuta imezungukwa na argoni pande zote, haina wa kugongana naye. Argoni inaganda kwenye -189°C ila sisi tunashuka mpaka kama -263, maana ikipata joto kidogo tu vipande vinaanza kutembea.

Sasa infraredi, ule mwanga usioonekana tunaotumia kupima jinsi bondi (viungo kati ya atomu) zinavyotikisika, inaingiaje? Atomu ya argoni iko peke yake, haina bondi ya kutikisika, kwa hiyo haimezi infraredi, inapita tu. Vilele unavyoviona kwenye spektra (mchoro wa infraredi ipi imemezwa) ni vya molekuli yako, tena vyembamba, kwa sababu molekuli nyingi humo ndani hazina nafasi ya kuzunguka. Dirisha lenyewe haliwi kioo cha kawaida, kioo kinameza infraredi, tunatumia fuwele ya chumvi kama iodidi ya siziamu. Unapima kabla ya taa, unapima baada ya taa, unatoa moja kwa nyingine: kilichopungua kimevunjika, kilichoongezeka kimezaliwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Helsinki, Finland, mwaka 2000. Timu ya Markku Räsänen iligandisha floridi ya haidrojeni ndani ya argoni, wakaivunja kwa urujuanimno, halafu wakapasha hiyo barafu ya argoni joto kidogo sana ili atomu za haidrojeni zisogee. Vikatokea vilele vipya, 1969.5, 687.0 na 435.7 kwa sentimita (yaani mawimbi mangapi yanaingia kwenye sentimita moja). Wakasema hii ni HArF, molekuli ya haidrojeni, argoni na florini, yaani argoni, gesi ambayo shuleni tunafundishwa haishikani na kitu, imeshikana!

Ila kilele kipya peke yake si ushahidi, uchafu wowote unaweza kukuletea kilele. Wakarudia kwa kutumia dyuteri, isotopu (aina ileile ya atomu ila yenye uzito tofauti) ya haidrojeni, badala ya haidrojeni ya kawaida. Kilele cha kwanza kikaporomoka mpaka 1466.3, cha pili 513.0, cha tatu kikabaki 435.3, karibu palepale. Angalia hapo vizuri, dyuteri ni nzito mara mbili, kwa hiyo vile viwili vilivyoshuka ni mitikisiko ya haidrojeni yenyewe, na kile cha tatu ni bondi ya argoni na florini ambako haidrojeni haihusiki sana. Wakaweka na argoni-36, isotopu nyepesi, badala ya argoni-40 ya kawaida, vilele vikahama tena. Kama argoni ingekuwa ukuta tu wa kuzunguka molekuli, visingehama hivyo.

Kwa hiyo ukinionyesha spektra ya barafu ya argoni iliyopigwa mwanga, swali langu la kwanza ni hilo: ulibadilisha isotopu gani, na kilele kipi kilihama?