Sare ya jeshi haimfanyi mtu askari: Civil Air Patrol ni raia

Ukimwona mtu wa Civil Air Patrol, shirika la doria ya anga huko Marekani, amevaa sare inayokaribia kufanana kabisa na ya Jeshi la Anga, tena ana cheo cha kapteni au meja, utadhani ni askari. Wengine, kwa kuwa kila jimbo lina tawi lake, hudhani ni kikosi cha gavana. Si hivyo wala si vile.

Hawa ni raia wanaojitolea. Hawalipwi mshahara, na wanachama hulipa ada ya kila mwaka. Cheo chao hakiwapi mamlaka ya kumwamuru askari yeyote. Matawi yako 52: majimbo yote 50, Washington D.C. na Puerto Rico. Yote ni ya shirika moja la kitaifa, na tangu 1948 sheria inalitambua kuwa msaidizi wa Jeshi la Anga.

Dhana kwamba ni askari ina chanzo chake. Shirika lilianzishwa Desemba 1, 1941, siku 6 kabla ya Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, kushambuliwa. Katika Vita vya Pili vya Dunia, raia hao walilinda pwani wakisaka nyambizi za Wajerumani kwa ndege zao wenyewe, nyingine zikiwa zimefungwa mabomu!

Leo hawabebi silaha. Katika ndege ndogo aina ya Cessna, rubani huruka polepole huku wenzake wakikodolea macho msitu au theluji, wakitafuta ndege iliyoanguka. Kazi hiyo, inayofanywa na mwalimu au fundi aliyeiacha familia yake wikendi, naiheshimu mno.