Poda ya binti isiwe nyeupe kuliko shingo yake

Jumamosi tena. Mama kaingia saluni na binti wa miaka 15, kipaimara wiki ijayo, hata salamu hazijaisha kaniambia "mpake shedi moja juu, ang'ae kidogo". Hii ya shedi moja juu, yaani faundesheni ya namba nyeupe kuliko ngozi yake, naisikia Moshi hapa kila msimu wa sherehe na nimechoka nayo kweli.

Rangi ya faundesheni ni oksaidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, halafu inatiwa titani nyeupe. Shedi ikipanda maana yake titani imezidi, na ile nyeupe ikikaa kwenye ngozi nyeusi haing'ai, inakuwa majivu, utadhani mtoto katoka mashineni kusaga mahindi, alafu flashi ya kamera ndo inamaliza kabisa. Kuna na andatoni, ile rangi ya chini ya ngozi, mabinti wawili weusi sawasawa, mmoja ana wekundu kwa chini mwingine unjano, shedi ya huyu kwa yule inakataa. Usijaribishie mgongo wa kiganja, mkono una rangi yake. Paka mstari kwenye taya ushuke shingoni, toka nje kwenye mwanga wa mchana maana taa za dukani zinadanganya, subiri kama robo saa kwa sababu nyingine zikikaa zinakolea. Mstari ukipotea ndo yenyewe.

Ila wa miaka 15 faundesheni ya nini? Mimi naanza na losheni, sanskrini ya kukinga jua, nyusi zichanwe, maskara kidogo, lipglosi, basi. Chunusi gusa na konsila, ile ya kuficha madoa, palepale. Wanja na maskara asichangie na rafiki zake, macho yanaambukizana. Usiku anawe hata kama kachoka.

Kwenye chunusi nakiri sina kanuni. Chupa imeandikwa haizibi vitundu vya ngozi na binti anatoka chunusi nayo hiyohiyo, mwingine anapaka yenye mafuta uso shwari. Najaribisha shavu moja siku kadhaa kwanza.

Kinachoniuma ni hiki, mtoto akizoea uso mweupe wa poda, akinawa anajiona mbaya, hapo ndo anaanza kutafuta krimu za kujichubua zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi, marufuku ila zinauzwa kwa kificho. Steroidi inakondesha ngozi, akiacha uso unalipuka, anairudia. Nimewapaka mabinti wa hivyo, brashi ikigusa tu wanasema inachoma.

Yule wa Jumamosi nilimpaka shedi yake tayani, nikamwambia mama twende nje juani. Akamwangalia mwanae weee, mwisho akaniuliza na yeye namba yake ni ipi.