Mchezo wa Mtoto: Tunavyodhani na Ilivyo

"Acha kucheza, kasome!" Dhana iliyo nyuma ya maneno haya ni kwamba muda wa kucheza umepotea.

Tazama mdako. Mtoto anachimba kishimo, anatia vijiwe, anarusha kimoja juu, na kabla hakijatua awe ameshachota vilivyomo shimoni. Akirusha tena anavirudisha na kubakiza kimoja. Duru inayofuata viwili, kisha vitatu. Hapo pana kuhesabu, kukadiria muda, na jicho kwenda pamoja na mkono, mkono uleule utakaoshika penseli. Akikosa, anampisha mwenzake na kusubiri zamu yake bila kususa. Hili la kusubiri ndilo gumu kwa mtoto, na kwa kuambiwa tu halimwingii.

Wengine husema hawana fedha za midoli. Gunzi lililofungwa kitambaa linatosha, tena huenda likashinda mdoli wa dukani: leo ni mtoto wa kubebwa mgongoni, kesho ni simu ya kumpigia bibi. Kazi ya kuwaza anaifanya mtoto mwenyewe.

Eti mtoto mchanga hajui kucheza? Mama akijifunika uso kwa khanga kisha akajifunua, mtoto wa miezi minane huangua kicheko. Anaanza kuelewa kwamba kisichoonekana bado kipo.

Katuni za kwenye simu hazichukui nafasi ya mchezo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka watoto wa mwaka 1 hadi 4 waushughulishe mwili angalau dakika 180 kwa siku. Skrini isizidi saa 1 kwa wa miaka 2 hadi 4. Chini ya hapo haishauriwi kabisa.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba kucheza ni kwa wavulana. Kaka yuko kwenye chandimu, dada anaosha sufuria mpaka giza linaingia. Kusaidia nyumbani ni malezi mema, lakini Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa kila mtoto haki ya kucheza, bila kubagua. Mwiteni kaka waoshe vyombo wote wawili, na binti naye aiwahi rede kabla jua halijazama.