Methali haikutaja fimbo

Kila nikikaa na wazazi kuzungumzia viboko, haichukui muda mtu hunikumbusha: mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Naipenda methali hiyo. Mama anayemshika mwanawe achomwe sindano ya chanjo huku analia, anaitenda. Lakini fimbo haimo ndani yake. Tumeitia sisi.

Mimi ni mwanasaikolojia, na wengi ninaowahudumia ni watoto wanaoletwa kwa sababu ya "ukorofi". Mmoja, wa darasa la tano, alimpiga mwenzake jiwe bombani. Nilipomuuliza kisa, alisema, "Alinikanyaga makusudi." Foleni ilikuwa ndefu, ndoo zimebanana, matope kila mahali. Mwenzake aliteleza. Yeye aliona ameshambuliwa.

Mtoto anayepigwa mara kwa mara na watu anaowategemea hujifunza kuzisoma nyuso kwa hofu. Mwili wake huwahi kabla ya akili: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayotusaidia kupima na kungoja haipati nafasi. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Dodge, Bates na Pettit, walionyesha kwamba watoto walioumizwa kwa kipigo nyumbani wana mwelekeo wa kuliona tendo lisiloeleweka kuwa ni la uadui, na kwamba shuleni ndio wanaokuwa wakali zaidi kwa wenzao. Yule mvulana wa bombani hakunidanganya. Alichokisema ndicho alichokiona.

Na kosa lenyewe? Mwulize mtu mzima yeyote kuhusu siku aliyochapwa mstarini. Atakueleza mwalimu alivyosimama, fimbo ilikuwa ya mti gani, nani alicheka. Alichapwa kwa kosa gani, mara nyingi hakumbuki.

Siwalaumu walimu kirahisi. Anayesimama peke yake mbele ya watoto tisini, naye alilelewa kwa bakora hiyohiyo, hana kingine mkononi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu vijana watatu kati ya wanne wa miaka 13 hadi 24 walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Hao leo ndio wazazi, na ndio walimu.

Kanuni zetu za Tanzania za mwaka 2002 zinasema viboko shuleni visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Walimu wengi niliokutana nao kwenye semina hawajawahi kuzisoma. Kenya ilikwenda mbali zaidi, ikapiga marufuku adhabu hiyo kabisa, lakini bado kuna shule zinazochapa. Sheria naitaka, tena kali, ila mtu ukimnyang'anya fimbo bila kumpa njia nyingine, ataiokota tena.

Matumaini yangu yanatoka Luwero, Uganda. Shirika la Raising Voices lilifanya kazi na walimu, wanafunzi na uongozi wa shule za msingi: kuweka kanuni za darasa pamoja na watoto, kusifu kinachofanywa vizuri, kutoa adhabu inayorekebisha kosa. Matokeo yalipopimwa katika shule 42 na kutangazwa mwaka 2015, wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zenye mpango huo, na asilimia 49 katika zile ambazo mpango ulikuwa haujafika.

Baba wa yule mvulana aliniuliza, "Sasa nisipompiga, nifanye nini?" Ni swali la haki. Tulikubaliana hasira ikipanda atoke nje kwanza, kisha arudi amwulize mtoto kilichotokea na amsikilize hadi mwisho, halafu mtoto atengeneze alichoharibu. Mvulana alimwomba radhi mwenzake, akamchotea maji wiki nzima.

Majuzi walikuja wote wawili. Baba aliinua mkono kutundika koti lake nyuma ya mlango, mtoto akajikunyata kitini. Baba akasimama palepale, koti mkononi, akimtazama. Siku hiyo tulizungumza juu ya hilo tu.