Je, wajua diski moja inawezaje kuokoa diski tatu?

Seva yangu ya kwanza ya nyumbani ilikuwa na diski nne za terabaiti 4 kila moja, ila mfumo ulinionyesha terabaiti 12 tu za kutumia. Robo nzima imekwenda kwenye ulinzi. Kwa muda mrefu niliamini kwamba humo kuna nakala ya kila kitu changu, imeshindiliwa kama nguo kwenye begi dogo. Diski yoyote ikifa, begi linafunguliwa.

Imani hiyo haivumilii hesabu ya kitoto. Terabaiti 12 zinaingiaje ndani ya 4? Picha na video hubanwa tangu kwenye kamera, na ukijaribu kuzibana tena hupati nafuu ya maana. Halafu, kama kweli zingeshindilika hadi theluthi, kwa nini nisizihifadhi zote hivyohivyo na kununua diski chache? Swali hili lilichelewa kunijia, tena kwa aibu.

Hakuna begi wala nakala. Kilichomo kinaitwa pariti, nacho hakiijui picha yako hata moja.

Chukua watoto watatu, kila mmoja amefumba kiganja. Ndani kuna kokoto moja au hamna kitu. Mtoto wa nne amechungulia viganja vyote, lakini anaruhusiwa kukumbuka neno moja tu: jumla ya kokoto ni shufwa au ni witiri. Mmoja wa wale watatu anaondoka. Waliobaki wanafumbua: huyu ana kokoto, yule hana. Wa nne anasema "shufwa". Basi aliyeondoka alikuwa na kokoto, maana bila yake jumla ingekuwa moja, nayo ni witiri. Wa nne hakukumbuka nani alishika nini. Ukimhoji peke yake hana la kukwambia. Wakiondoka wawili kwa pamoja, neno lake halitoshi tena.

Diski ya terabaiti 4 ni mchezo huohuo, umerudiwa takriban mara trilioni 32, mara moja kwa kila biti (sifuri au moja, kama kiganja kisicho na kokoto au chenye nayo). Kwenye RAID 5, yaani mpangilio wa diski kadhaa zenye pariti moja kama wa seva yangu, kazi ya mtoto wa nne huzungushwa kwa zamu kati ya diski zote, kwa hiyo hata "diski ya pariti" niliyoiwazia haikuwepo. (Jina RAID lilitoka kwa David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliochapisha makala yao mwaka 1988.)

Ajabu ninayoipenda zaidi ni hii: pariti lazima iambiwe nani hayupo. Diski ikidanganya kimyakimya kwa kutoa biti yenye kosa, mtoto wa nne ataona kuwa hesabu haikubali, lakini hawezi kumnyooshea mtu kidole. Huenda hata yeye mwenyewe ndiye amekosea. Mifumo ya kuhifadhi mafaili kama ZFS huweka alama ya uhakiki kwa kila fungu la data, ndipo mwongo hujulikana.

Kupanua seva hutumia ujanja huohuo. Unachomoa diski ndogo, unaweka kubwa, nazo zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho ili kuijaza. Terabaiti 4 kwa megabaiti 200 kwa sekunde ni saa tano na nusu, na kwa kawaida huzidi. Kwa pariti moja, saa zote hizo huna kinga. Nafasi mpya nayo haionekani hadi diski ya mwisho ibadilishwe. Kiganja kikubwa hakina faida wenzake wakiwa na vidogo.

Hapo ndipo hutajwa tishio la kosa moja la kusoma kwa kila biti 10¹⁴, yaani terabaiti 12.5, kana kwamba kusoma kiasi hicho ni kujitakia balaa. Namba hiyo huandikwa na watengenezaji wa diski nyingi kama kikomo. Si wastani uliopimwa, na diski nyingi husoma zaidi ya hapo bila kosa. Hofu ipo, ila imetiwa chumvi.

Kosa langu lilikuwa na mkia. Kwa kuwa niliamini ni nakala, sikuweka nakala nyingine popote. Siku nilipofuta folda kwa bahati mbaya, pariti ilifanya kazi yake barabara: ilikokotolewa upya papo hapo, na diski zote nne zikakubaliana kwamba folda hiyo haipo.