NGC 3109 ni ya kundi gani? Anga si ramani ya wilaya

Wiki hii nimeulizwa tena kuhusu galaksi ndogo ya NGC 3109, safari hii na mwalimu wa fizikia: "Si iko Hydra? Basi ni ya fungu la Hydra." Hapana. Hydra ni kundinyota, na kundinyota ni upande wa kutazama tu. Fungu la galaksi la Hydra liko zaidi ya miaka ya nuru milioni 100 kutoka hapa. NGC 3109 iko milioni 4 na ushei. Mwembe wa uani na mlima ulio nyuma yake hukaa kwenye dirisha moja, lakini havijuani.

"Basi ni ya kundi letu, la Njia Nyeupe (galaksi yetu) na jirani yake Andromeda?" Hapo ndipo ninapochoka, kwa sababu muulizaji anataka ndiyo au hapana, kana kwamba kundi lina mpaka na bikoni. Halina. Kuna mvutano unaorudisha galaksi ndani, na kuna mtanuko wa ulimwengu unaozichukua. Mahali viwili hivyo vinapolingana ndipo kundi linapokoma, na kwa kundi letu ni kama miaka ya nuru milioni 3 hadi 4 kutoka katikati yake. NGC 3109 imekaa hapo ukingoni, nje kidogo, na inazidi kwenda. Umbali peke yake hautoshi. Uliza pia inaelekea wapi na kwa kasi gani.

Mwaka 1999 mwanaastronomia Sidney van den Bergh alipendekeza kuitenga pamoja na vijigalaksi vya Antlia, Sextans A na Sextans B, liwe kundi la galaksi lililo jirani yetu kuliko yote. Leo P, kijigalaksi kingine, ikaongezwa baada ya kugunduliwa mwaka 2013. Mimi nasita kuliita kundi. Antlia kweli iko ubavuni mwa NGC 3109, lakini Sextans mbili ziko mbali, na vijigalaksi hivi havina uzito wa kushikana kwa nafasi kubwa hivyo.

Halafu jamani, galaksi kama hii huitwa "isiyo na umbo", lakini hiyo haimaanishi imegongwa ikavunjika. NGC 3109 ina sahani ya gesi inayozunguka vizuri. Tunaiona karibu kwa ubavu. Aprili, saa tatu usiku, mbali na taa za mji, darubini ya wastani huionyesha kama chaki iliyofutwa nusu ubaoni. Sahani hiyo imejipinda pembeni, huenda Antlia iliwahi kupita karibu.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: galaksi hizi zimejipanga karibu kwa mstari, na zinatukimbia haraka kuliko hesabu zetu zinavyotabiri. Wapo wanaosema zamani zilipita karibu na Njia Nyeupe zikarushwa nje. Natamani iwe hivyo, maana ingeeleza mstari na kasi kwa pamoja. Lakini kasi tunayoipima kwa urahisi ni ya kuja na kwenda tu; ya ubavuni, kwa umbali huo, ni kazi ngumu mno, na bila hiyo siwezi kurudisha njia zake nyuma hadi mlangoni petu.