Tangi la Nini, na Petroli Haipo? Dhana potofu kuhusu umbo la pikipiki za umeme

Picha ya pikipiki ya umeme kutoka maonyesho ya Tokyo au Milano ikifika kwenye simu kijiweni, ubishi huanza hata kabla haijafunguka vizuri. Mmoja atasema hiyo ni ya sinema. Mwingine ataapa kwamba mwakani zitajaa mjini. Wa tatu, na mara nyingi huyu ndiye fundi, huuliza swali zito kuliko yote: tangi la nini, na petroli haipo? Swali lake tutalifikia. Kabla ya hapo kuna mengine ya kunyoosha.

"Ikionyeshwa leo, mwakani iko dukani"

Pikipiki hizi watengenezaji huziita konsepti. Kampuni inakuwa na swali, inalivalisha rangi na matairi, inaliweka jukwaani ione watu watasemaje. Yamaha walipoileta Motoroid Tokyo mwaka 2017, swali lilikuwa hili: pikipiki inaweza kujisimamia yenyewe bila stendi, ikamtambua mwenyewe kwa sura na kuitikia ishara ya mkono? Iliweza. Mwaka 2023 ikafuata Motoroid 2. Dukani haikufika hata moja.

Anayesema zote ni maigizo naye amepotoka. Mwaka 2017 BMW walionyesha Concept Link, skuta ndefu yenye betri bapa iliyolazwa sakafuni, kitu ambacho wengi walikicheka. Mwaka 2020 ikarudi kwa jina la Definition CE 04, na mwaka 2021 ikatangazwa kuwa bidhaa, CE 04, ikiwa na karibu kila mstari uliochekwa. Harley-Davidson nao waliizungusha LiveWire mijini Marekani mwaka 2014 ili watu waijaribu na kutoa maoni, ikaingia sokoni 2019. Kwa hiyo ukiona konsepti, usiulize tu itauzwa lini. Angalia betri imekaa wapi. Hapo ndipo utajua kama waliochora walikuwa na nia au walikuwa wanapamba jukwaa.

"Injini ikiondoka, mchoraji anabaki huru"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na hata waandishi wa magazeti ya magari huirudia. Hoja yenyewe ina mantiki: hakuna silinda, hakuna ekzosi, hakuna kabureta, basi chora upendavyo.

Tazama hesabu. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa tisa. Betri nzima ya CE 04 ni kilowati-saa 8.9. Yaani skuta ile ya kilo 231 inatembea na nishati inayoingia kwenye chupa moja ya maji ya lita moja, na kwa nishati hiyo inakwenda takriban kilomita 130. Hapo mtu anaweza kucheka au kushangaa, na mimi nadhani vyote viwili ni halali. Mota ya umeme haipotezi nguvu ovyo kama injini, ambayo sehemu kubwa ya petroli yake huishia kuwa joto. Lakini lita ya petroli haifiki hata kilo moja, na betri ya kubeba nishati kama hiyo ni mzigo wa makumi ya kilo. Huwezi kuikunja, huwezi kuigawa vipande ukavificha kila kona kama unavyotaka, na haipungui uzito ikiisha chaji.

Ducati waliionja shubiri hiyo walipotengeneza V21L, pikipiki iliyokimbia mashindano ya pikipiki za umeme, MotoE, kuanzia 2023. Mota yake ina kilo 21 tu, kitu ambacho vijana wawili wangekibeba wakipiga soga. Betri ina kilo 110. Pikipiki nzima ni kilo 225, wakati ile ya petroli ya mashindano makubwa ya MotoGP inaruhusiwa kushuka hadi kilo 157. Wakafanya nini? Ganda la betri wakalijenga kwa nyuzi za kaboni na kuligeuza kuwa sehemu ya fremu. Kile kilichokuwa kinawaelemea kikapewa kazi ya kushikilia pikipiki. Motoroid ilikwenda mbali zaidi: betri yake, pamoja na mkono unaoshika gurudumu la nyuma, huzunguka kwenye mhimili ili kusawazisha uzito isianguke. Kwa hiyo injini iliondoka, lakini kiti chake kimekaliwa na mkubwa mwenye masharti makali zaidi.

"Tangi ni la kudanganyia"

Sasa tumrudie fundi wetu. Pikipiki nyingi za umeme bado zina nundu pale mbele ya siti, na ni kweli wapo wanaoiweka kwa sababu tu wateja wamezoea kuiona. Hilo silitetei. Ila kaa juu ya pikipiki, shika breki ya ghafla, usikilize magoti yako. Yanabana tangi. Bila kitu cha kubana, uzito wote wa mwili unakimbilia mikononi na viganja ndivyo vinavyolia. Kwenye kona pia, paja la nje huegemea hapo. Tangi lilikuwa chombo cha mafuta, na wakati huohuo lilikuwa kiegemeo cha mwendeshaji, ingawa kazi hii ya pili hakuna aliyeilipia kituoni.

Ndiyo maana LiveWire ililibakiza umbo hilo, na juu yake, pale ambapo ungetarajia mfuniko wa petroli, wakaweka tundu la kuchajia. Zero wa California, kwenye baadhi ya pikipiki zao, wamelifanya sanduku la kuwekea vitu. Skuta za aina ya CE 04 hazina nundu kwa sababu mwendeshaji hukaa wima, miguu ikiwa mbele. Ni namna ya kukaa inayoamua.

"Umeme haupati joto"

Gusa chaja ya simu yako ikiwa kazini.

Mota, betri na kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uende kwenye mota, vyote hupata moto, na betri ni mwenye nongwa zaidi kwa sababu hata baridi haiipendi. V21L ina mifumo miwili tofauti ya kupooza kwa maji, mmoja wa betri na mwingine wa mota na kigeuzi chake. Voxan Wattman, pikipiki ya umeme ambayo Max Biaggi, bingwa wa zamani wa mbio za pikipiki, aliiendesha kuvunja rekodi za dunia za kasi mwaka 2020 na 2021, haikubeba rejeta ya kawaida; ilitumia barafu kavu, yaani hewa ya ukaa iliyogandishwa, ili mwili wake ubaki mwembamba mbele ya upepo.

Konsepti niipendayo kuliko zote imezaliwa na joto hili. BMW wamejulikana tangu R32 ya mwaka 1923 kwa injini ya silinda mbili zilizolala, moja ikichomoza kulia na nyingine kushoto. Ukiiona kwa mbali unaijua. Mwaka 2019 wakaleta Vision DC Roadster, ya umeme, na swali likawa: hizo silinda zikiondoka, nani ataitambua tena? Wakasimamisha betri katikati, mota chini yake, na pale pale silinda zilipokuwa wakachomoza mapezi ya kupoozea yenye feni ndani. Ukiiwasha, mapezi yanatoka nje kidogo. Wapo walioita mbwembwe. Mimi naona walitafuta kitu chenye sababu ya kukaa pembeni, upepo unapopita, na wakakipata.

"Haina sauti kabisa"

Kelele zake ni chache kuliko za ile ya petroli, ni kweli. Lakini katika LiveWire mota imelala kwa urefu wa pikipiki, na nguvu yake lazima ikate kona kwa gia za pembe kabla haijafika kwenye mkanda unaozungusha gurudumu. Gia hizo hupiga mluzi unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na wahandisi walikusudia usikike.

"Mota ndani ya gurudumu ni ugunduzi wa juzi"

Verge wa Ufini waliwafanya watu watoe macho mwaka 2019 kwa gurudumu la nyuma lenye tundu katikati, unaweza kupitisha mkono hadi upande wa pili, mota ikiwa ndani ya ringi. Lakini wazo la mota gurudumuni lina zaidi ya karne. Mwaka 1895 Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli ya umeme yenye mota katikati ya gurudumu la nyuma, na betri ikining'inia kwenye fremu.

Faida yake iko wazi: katikati ya pikipiki panabaki wazi kwa betri kubwa, na Verge wameweka ya zaidi ya kilowati-saa 20. Gharama yake fundi yeyote wa shokapu ataieleza. Kitu kilicho gurudumuni hakibebwi na springi. Kikigonga shimo kinagonga na uzito wake wote, na gurudumu zito huchelewa kurudi chini kushika barabara. Kwenye lami ya Ufini hilo linavumilika. Kwenye barabara yenye makorongo ningependa mota ikae juu ya shokapu, pamoja nami.

"Ubunifu huu si wa kwetu"

Mtu akisema hivi huwa anafikiria taa za kumetameta na gurudumu lenye tundu. Lakini dereva wa bodaboda ana masharti ambayo hakuna jukwaa la Milano linaloyapigia makofi: anafanya kazi kutwa, anabeba abiria na mzigo, na akisimama kwa muda wa saa nne kuchaji amepoteza siku. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand walilijibu hilo kuanzia 2019 kwa kubadilisha betri: unafika na iliyokwisha, unaondoka na iliyojaa. Nairobi, kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, sasa Roam, ilichora pikipiki ya Roam Air ikiwa na betri inayotolewa na kubebwa hadi nyumbani.

Uamuzi huo mmoja hubadilisha mchoro wote. Betri inayotoka haiwezi kuwa sehemu ya fremu kama ya Ducati, wala haiwezi kuwa na kilo 110. Lazima kuwe na mlango, njia ya kuitoa bila kugonga goti, na plagi inayostahimili kuchomwa na kuchomolewa kila siku, mvua na vumbi. Honda, Yamaha, KTM na Piaggio walitia saini mwaka 2021 kushirikiana kwenye betri za aina hii. Ile ya Honda ina uzito wa kama kilo kumi, na juu yake wameweka mpini. Fundi wetu wa kijiweni akiuona huo, hataulizia ni wa nini.